Shamba bondeni, kitanda mlimani: maswali ya mafuriko na vimbunga Kilwa na Lindi

Wanaouliza mafuriko ni nini watanisamehe, leo siwajibu. Nimechagua barua zinazonikera na zile zinazoninyima usingizi. Zinazofanana nimezijibu pamoja.

Tangu kimbunga Hidaya watu wanabishana huku: tujenge upya palepale au mji wa Kilwa uhamishwe wote? (Kilwa Masoko)

Mji upi? Kilwa imekwisha kuhama zaidi ya mara moja. Kisiwani ilikuwa dola ya biashara ya dhahabu. Karne ya 19 shughuli zikawa Kivinje, kwenye mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Ziwa Nyasa. Halafu makao ya wilaya yakaenda Masoko, penye bandari yenye kina. Mara zote watu walifuata biashara na maji ya kupitisha vyombo. Hawakufukuzwa na kimbunga. Sehemu kubwa ya Masoko imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo anayetaka ihamishwe sijui anataka kuipeleka wapi. Kivinje ni habari nyingine. Mtaa wa ufukweni, kule kwenye Boma la Wajerumani na majumba ya mawe yanayomong'onyoka, uko chini mno. Majumba yale yakarabatiwe, ni urithi. Nyumba mpya za kulala watu zisiongezwe pale hata moja.

Mnabishana juu ya mji huku hatari kubwa iko mtoni. Soma jibu linalofuata.

Shikamoo mtaalamu. Sisi wa Mitole tuko bara, hatuioni bahari. Haya mambo ya vimbunga yanatuhusu nini?

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali lililonifanya nikubali kuandika.

Mwisho wa Januari 2020 hakuna kimbunga kilichopiga Kilwa. Ilinyesha mvua tu, mito ikafurika, na katika mkoa wa Lindi wakafa watu wapatao 20. Upande wa Njinjo watu walipanda juu ya miti na mapaa kusubiri kuokolewa. Bahari ilikuwa mbali nao kama ilivyo mbali nanyi.

Mto Matandu huanza mbali, upande wa Liwale, na humwaga maji jirani na Kivinje. Mvua itakayokuzamisha si lazima uione ikinyesha. Unaweza kulala chini ya anga la nyota, maji ya jana ya Liwale yakakukuta kitandani alfajiri. Juu huko misitu inafyekwa kwa mkaa na ufuta, na ardhi tupu haishiki maji. Mto wenyewe miezi mingi ni mchanga na vidimbwi, ndiyo maana watu huusahau. Mavuji ana tabia hiyohiyo.

Hata vimbunga vyenyewe huua hivyo. Idai ilipoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, upepo uling'oa mapaa ya mji, lakini waliokufa wengi walikuwa kwenye mabonde ya mito ya Buzi na Pungwe. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Beira haikuhamishwa, nami sidhani ilipaswa kuhamishwa.

Kwa hiyo simwambii mtu aache bonde. Bonde lina rutuba, mpunga haulimwi juu ya jiwe. Limeni, ila kitanda kikae mlimani. Na hapa kuna jambo ambalo waandishi wa taarifa hawalijui kwa kuwa hawajawahi kulinda mpunga: mwenye nyumba juu naye hushuka kulala kwenye dungu ili nguruwe wasimalize shamba, na hushuka miezi ileile ambayo mto hujaa. Dungu lenye nguzo fupi ni kaburi. Walinzi wapeane zamu, watoto wasilale huko, na kijiji kiwe na mtu wa kupokea simu kutoka juu ya mto.

"Kwetu ni karibu na ikweta, vimbunga haviji." (Barua nyingi: Lindi Mjini, Mchinga, Kivinje, na mwalimu mmoja wa jiografia ambaye angepaswa kujua zaidi)

Mwalimu, nusu ya ulichofundishwa ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto na msukumo wa mzunguko wa dunia ili upepo ujisokote. Kwenye ikweta msukumo huo haupo, na mpaka nyuzi kama 5 hivi kaskazini au kusini ni dhaifu mno. Sasa fungua ramani. Mafia iko karibu na nyuzi 8 kusini, Kilwa 9, Lindi 10. Tumeshatoka kwenye kivuli cha ikweta. Kinachotusaidia ni kwamba vimbunga vingi vya bahari yetu huzaliwa mashariki zaidi na kuelekea kusini magharibi, na Madagaska hupokea vingi. Hiyo ni bahati ya njia, haina mkataba na mtu.

Na bahati hiyo imekwisha kutuangusha. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, iliyo karibu zaidi na ikweta kuliko Kilwa. Kiliharibu merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja, ndipo Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kikaja Lindi penyewe, kikaua watu. Mei 2024 akaja Hidaya, nje kabisa ya miezi ya kawaida, akaishiwa nguvu karibu na Mafia. Nguvu zilikwisha, mvua haikuisha: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki kisiwa.

Ukiniuliza vitakuja mara ngapi, nitakwambia ni nadra. Lakini nadra si kamwe, na bahari inazidi kupata joto.

Mwaka 2019 mlitutisha na kimbunga Kenneth, mkafunga shule, hakikuja.

Kilikuja. Kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikasambaratisha kisiwa cha Ibo. Waulize jirani zetu kama kilikuwa kitisho.

Kuna mganga anauza kinga ya nyumba dhidi ya kimbunga. Inafaa?

Inamfaa yeye.

Serikali itujengee ukuta wa bahari Lindi na Kivinje. (Barua kadhaa)

Ukuta una mahali pake. Gereza la Kisiwani lilikuwa linaliwa na bahari, na kazi ya kulilinda imesaidia Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuondolewa mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lakini ukuta wa mji mzima hufungia maji ya mvua ndani, na mawimbi yaliyozuiwa hapa hula ufukwe wa jirani. Bamvua ikikutana na upepo mkali, maji huingia hata hivyo.

Nyinyi mnaodai ukuta, nani anakata mikoko? Mkandaa na mkoko vinageuzwa boriti na kuni za kuchomea chokaa mchana kweupe, kisha barua inaandikwa kudai saruji. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Pima kwa hatua kutoka mlangoni kwako.

Nyumba yangu ni ya miti na udongo. Ilianguka yote, nijenge tena vipi? (Bibi, Njinjo)

Pole sana, Bibi. Nyumba ya namna hiyo huanzia kufa miguuni: maji yakisimama kwa siku moja, udongo wa chini hulainika na kumeguka, nguzo hulegea, paa linashuka zima. Kama kiwanja ni kilekile cha bondeni, usijenge. Kama umepata cha juu, inua msingi wa mawe hadi usawa wa goti ndipo uanze udongo, na paa lining'inie nje ya ukuta. Ukiweka bati, kenchi zifungwe kwenye nguzo kwa waya. Msumari peke yake hung'oka. Fundi akikwambia waya ni hasara, tafuta fundi mwingine.

Tuliambiwa tuhame, tukahama. Kule juu hakuna maji, shule wala hati ya kiwanja. Wengi tumerudi bondeni. Tumekosea?

Hamjakosea nyinyi. Anayewahamisha watu bila kuchimba kisima amewahamisha kwa muda. Andikeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari upelekwe halmashauri: kisima kwanza, viwanja vipimwe kwa majina ya wake na waume, njia ya kushukia shambani isizidi mwendo wa saa moja. Amri isiyo na hayo nami nisingeifuata. Ila mvua ikianza, pandeni.

Sauti ya WhatsApp inasema kimbunga kinakuja Ijumaa saa 4 usiku.

Mamlaka ya Hali ya Hewa haitoi taarifa kwa sauti ya mjomba wa mtu. Futa.