SOMO LA WIKI: Bei ya kilo kwa amri moja ya kompyuta

Mfanyabiashara wa viazi mviringo wilayani Rungwe hununua leo Kiwira, kesho Isongole, na mara nyingi mzigo huondoka kwenda Mbeya au Dar es Salaam kabla hesabu haijafungwa. Anayetaja bei ya kuuzia bila kujua kila kilo imemgharimu kiasi gani anabahatisha. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kupata jibu hilo.

Programu

Tunatumia SQLite, hifadhidata iliyoanza kutolewa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp. Haina malipo, na daftari lote hukaa katika faili moja. Tuchukue faili soko.db lenye jedwali la manunuzi: tarehe, soko, zao, kilo na fedha. Safu za kilo na fedha ziandaliwe kuwa INTEGER, yaani namba kamili.

Amri

Andika kwa mstari mmoja:

sqlite3 -readonly -header -column soko.db "SELECT zao, SUM(kilo) AS kilo, SUM(fedha)*1.0/SUM(kilo) AS bei FROM manunuzi GROUP BY zao;"

Maneno yenye kistari ndiyo nyongeza za amri, na huwekwa kabla ya jina la faili.

-readonly hufungua daftari kwa kusoma tu. Karani anayetoa ripoti hawezi kufuta wala kubadili kitu kwa amri hiyo. Pia ukikosea jina la faili, programu inakataa badala ya kukufungulia daftari tupu.

-header huonyesha majina ya safu.

-column hupanga safu zikae wima. Ukiweka -csv mahali pake na kumalizia amri kwa > ripoti.csv, unapata faili la kufungua katika Excel.

Ile *1.0 huzuia programu kukata sehemu ya desimali.

Mfano

Tuseme umenunua kilo 400 kwa shilingi 280,000, kisha kilo 300 kwa shilingi 240,000. Jumla ni kilo 700 kwa shilingi 520,000, sawa na karibu shilingi 743 kwa kilo. Ukichukua 700 na 800 na kugawa kwa mbili unapata 750, ambayo si sahihi kwa kuwa mizigo haikulingana.

Hatari ya koma

Sasa tuseme karani aliingiza fedha ya pili kama '240,000', pamoja na koma. SQLite haioni namba hapo. Inayahifadhi kama maandishi, na wakati wa kujumlisha inasoma hadi kwenye koma tu: 240. Jumla inakuwa 280,240 na bei inatoka shilingi 400 kwa kilo. Hakuna onyo lolote. Ukiuza kwa 600 ukidhani umepata faida ya 200, kumbe umepoteza 143 kwa kila kilo, kabla ya nauli na ushuru. Kwa kilo 700 hasara ni shilingi 100,000.

Kila kabla ya ripoti, kagua hivi:

sqlite3 -readonly -header soko.db "SELECT * FROM manunuzi WHERE typeof(fedha)='text' OR typeof(kilo)='text';"

Kisipotoka kitu, hakuna namba iliyoingia kama maandishi. Kikitoka, sahihisha mstari huo kwanza.

Vipimo

Hesabu hii inategemea mizani. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado hujitokeza sokoni. Anayeandika "magunia 4" hawezi kulinganisha Kiwira na Isongole. Pima, andika kilo, na andika tarehe kwa mpango wa mwaka-mwezi-siku, mfano 2024-06-03, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Nakili soko.db kwenye flashi kila jioni baada ya kufunga programu, na flashi hiyo isilale dukani.