Somo: Fedha za Watalii, na Mfano wa Shelisheli

Katika mabaraza yetu siku hizi hakosekani mtu asemaye kwamba zama za karafuu zimekwisha, na kwamba riziki ya visiwa sasa imo mikononi mwa watalii. Hatukatai kuwa utalii una faida kubwa. Mwaka 2019 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 500,000, na mwaka 2024 wakapindukia 700,000. Lakini kabla mwanachama hajashika shoka kuukata mkarafuu wake, yafaa tuitazame nchi nyingine ya visiwa iliyotutangulia katika njia hii, nayo ni Shelisheli.

Mabaharia wetu wa zamani waliijua Shelisheli kuwa ni kituo cha meli ziendazo baina ya Mombasa na Bombay. Visiwa vyake ni zaidi ya 100, na watu wake wote ni kiasi cha laki moja tu. Kabla ya mwaka 1971 hapakuwa na kiwanja cha ndege cha kimataifa. Atakaye kufika sharti apande meli. Wenyeji waliishi kwa mbata, magome ya mdalasini na mafuta ya majani yake, na vanila. Yaani walikuwa wakulima wa viungo kama sisi, na yaliyowapata ni yayo hayo tunayoyajua: bei ikipangwa mbali. Vanila yao ilianguka zamani, pale harufu yake ilipoanza kutengenezwa viwandani Ulaya.

Mwaka 1971 kiwanja kilifunguliwa katika kisiwa cha Mahé, juu ya ardhi iliyopatikana kwa kuifukia bahari. Mwaka huo wageni walikuwa 3,000 hivi. Mwaka 1979 walikaribia 79,000. Mahoteli yakajengwa, serikali ikapata kodi, na vijana wakapata mishahara ambayo shamba la minazi halikuweza kuilipa. Hili si jambo la kubeza. Leo Shelisheli ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye pato kubwa kabisa kwa kila mtu, na utalii ni sababu kubwa ya hayo.

Lakini vibarua waliokwenda kujenga mahoteli aghalabu hawakurudi shamba. Mdalasini ukabaki milimani ukijiotea kama magugu, biashara ya mbata ikadhoofika, na chakula kingi kikawa kinatoka ng'ambo. Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Tumchukue mgeni mmoja wa Ulaya. Mara nyingi hulipa safari yake yote kwao, kabla hajafunga mizigo. Kampuni ya ndege huchukua nauli, na wakala aliyemuuzia safari hukata fungu lake. Fedha hizo huenda zisiuone ufuo wetu kamwe. Zilizobaki hupelekwa hotelini. Hoteli nayo hununua siagi, nyama, mvinyo, mashuka, mashine za kupoza hewa na mafuta ya kuendeshea mitambo, vingi vya hivyo vikitoka nje. Mwenye hoteli akiwa mtu wa mbali, faida nayo humfuata kwao. Kisiwani husalia mishahara, kodi, na bei ya vile vilivyonunuliwa hapa hapa: samaki, matunda, nauli ya ngalawa. Wataalamu wa uchumi huliita jambo hili kuvuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ila katika habari hii sisi si wachukuzi, ni wenye mali.

Sasa itazame pishi moja ya karafuu. Mchumaji hulipwa hapa. Anayechambua makonyo hulipwa hapa, na mwanikaji, na mwenye gari, na mwenye shamba kadhalika. Vitokavyo nje ni vichache, kama gunia na mafuta ya gari. Basi dola elfu moja ya karafuu na dola elfu moja ya utalii si kitu kimoja, japo katika vitabu vya hesabu huandikwa sawasawa.

Tena utalii nao ni zao, na mnunuzi wake hutishika upesi. Novemba 1981 mamluki waliuvamia uwanja wa ndege wa Mahé. Idadi ya wageni ilikuwa imeshaanza kupungua. Mwaka 1982 ikashuka hadi 47,000 hivi. Mwaka 2019 walifika 384,000 hivi, na mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, 115,000 tu. Chumba kitupu hakianikwi kikawekwa ghalani kungoja bei. Sisi hatuhitaji kufunzwa maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja: Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, hata ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Shelisheli walau walijiwekea nguzo ya pili, kiwanda cha kutia jodari mikebeni, tangu mwaka 1987.

Kwetu mambo yana fundo jingine. Mahoteli mengi yako Unguja, khasa Nungwi, Kiwengwa na Paje, ilhali karafuu nyingi ziko Pemba. Kijana wa Wete akivuka kwenda kutafuta kazi ya hoteli hatumlaumu. Lakini karafuu haimngoji, na ikishachanua mtini imeharibika. Huko Kizimbani na Kidichi wageni hulipa ili waonyeshwe mkarafuu, na mwenye mti asiyepatana mapema na mtembezaji huambulia kupigwa picha.

Kuna njia ya kuziba baadhi ya matundu ya pakacha, nayo ni kuuza chakula na viungo hotelini. Mpishi wa hoteli hataki mikungu kumi leo na wiki ijayo hakuna. Ataka kiasi kile kile kila wiki, kilichosafishwa, chenye risiti, na malipo huenda yakangoja mwisho wa mwezi. Mkulima mmoja peke yake hawezi. Watano au sita wenye mashamba jirani, wakipeana zamu za kuvuna, wataweza. Pilipili manga, mdalasini na ndizi zinafaa kuanzia, kwani haziudhi mkarafuu.

Na wachumaji tupatane nao mapema. Agosti na Septemba ni miezi ya wageni wengi, na mara nyingi ndiyo miezi ambayo karafuu nazo zimo mtini.