Somo la Vijana: Kukata na Kuunga Picha za Wimbo

Siku hizi vijana wetu wanafunzi hapa Ihumwa hawatosheki na kuimba tu. Hupenda nyimbo zao zionekane pia katika video. Kupiga picha kwa simu si kazi kubwa. Kazi huja baadaye, kikundi kinapokaa mbele ya kompyuta moja kuamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Hapo ndipo urafiki hupimwa. Kwa hiyo somo letu ni kuhariri, yaani kukata vipande vya picha na kuviunga upya kufuata wimbo.

1. Tuhesabu kazi kwanza

Tuseme wimbo ni wa dakika 4, nao umepigwa picha mara 3 kwa simu 3. Hizo ni dakika 36 za kutazama ili tupate 4. Katika kila dakika 9, dakika 8 zitaachwa. Basi hawatakosekana watakaoona sehemu zao zimeondolewa, na yafaa jambo hili lisemwe mapema, kabla mtu hajakasirika.

Tutazame vipande vyote pamoja, mmoja akiandika katika daftari namba ya kipande, dakika yake, na kilichomo. Uamuzi ufanyike kwenye daftari, kisha mtu mmoja tu ashike kompyuta. Wakishika wanne, kila mmoja atabomoa alichojenga mwenzake. Picha za asili zihifadhiwe mahali pawili wala zisiguswe, ili anayekosea aweze kurudi nyuma.

Je, aliyechanga fedha nyingi aonekane kuliko wengine? Hasha. Tuulize: kipande hiki chausaidia ubeti huu? Vikiwa viwili vya kufaa sawasawa, tuchague chenye mtu ambaye bado hajaonekana.

2. Sauti iongoze picha

Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Aliyesimama meta 34 kutoka kwenye ngoma huuona mkono ukigonga, kisha husikia mlio baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika video ya picha 25 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya picha 2 na nusu. Mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Tena wakati wa kiangazi Dodoma hatukosi upepo, nao huingia simuni ukafunika maneno.

Dawa yake ni kurekodi sauti moja njema karibu na waimbaji. Simu zote zikisha kuwashwa, mtu apige kofi moja karibu na kinasa sauti, mahali anapoonekana na wote. Wakati wa kuunga, tutafute picha ambayo viganja vimekutana, tuilinganishe na mlio wa kofi katika ile sauti njema. Sauti nyingine zote tuzizime.

3. Picha jirani hubadili maana

Karibu na mwaka 1920, huko Urusi, mwalimu wa filamu Lev Kuleshov aliunga uso uleule wa mwigizaji na picha mbalimbali, mojawapo bakuli la supu na nyingine jeneza. Husimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, ingawa uso haukubadilika hata kidogo.

Hapa pana hatari kwetu. Tuseme vijana wamewaomba akina mama wapige muheme katika wimbo wao, zile ngoma za wanawake wa Kigogo zinazobanwa mapajani na kupigwa kwa mikono. Bibi mmoja anacheka kwa furaha. Mhariri akiuweka uso ule baada ya picha ya kilabu cha pombe, kijiji kizima kitasema bibi alikuwa amelewa. Hakuna aliyetamka neno, lakini jirani amesingiziwa.

Wala jambo hilo halipiti upesi. Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, alifariki mwaka 2003, na hata leo twamsikia katika kazi zilizorekodiwa. Wajukuu wa bibi yule nao watamjua kwa namna tulivyomkata na kumuunga.

4. Walioonekana waulizwe

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua pia waimbaji na wapigaji, si mtunzi peke yake. Basi tuombe ruhusa kabla ya kurekodi, na kwa watoto tuwaombe wazazi. Kazi ikiisha, kabla haijatumwa kwa mtu yeyote, tuwapelekee waitazame:

“Shikamoo, bibi. Kazi imekwisha, tunaomba uitazame kabla ya watu wengine. Pasipokupendeza tutapaondoa.”

Ahadi hiyo itimizwe, hata kama kipande kile ndicho kizuri kuliko vyote. Kikishasambaa katika simu za watu, hakirudi tena. Mwishoni tuandike majina ya wote waliokubali kutajwa, pamoja na aliyeshika simu na aliyewabeba wenzake kwa baiskeli.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mwenye kompyuta akikataa uamuzi wa wengi, tufanyeje bila kumvunjia heshima?
2. Taja kipande ambacho ni cha kweli, lakini chaweza kumwaibisha mtu kikiwekwa mahali pabaya.
3. Katika video yetu ya mwisho, nani hakuonekana kabisa? Kwa nini?