Taa za Breki Haziwaki? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Sasa fikiria: dereva wa mbele anakanyaga breki, taa zake kimya. Wewe wa nyuma ukichelewa sekunde moja tu kushtuka, mita 22 zimekwisha, karibu urefu wa mabasi mawili. Na kama uko kwenye pikipiki, huna hata bodi ya kukukinga.

Umeme unapita wapi?
Betri – fyuzi – swichi ya pedali – balbu – bodi ya gari – kurudi betri. Ukikanyaga pedali, swichi inaunga njia. Ikikatika popote, taa haziwaki.

Soma dalili
Zima injini, vuta hendibreki. Mwenzako akanyage breki, wewe tazama nyuma.

1. *Moja haiwaki.* Fyuzi na swichi ni za taa zote, kwa hiyo usihangaike nazo. Toa balbu ikiwa imepoa, utazame uzi wake. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili: wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ya usiku. Ndiyo maana mmoja hukatika, mwingine ukaendelea. Uzi ni mzima? Sugua kutu kwenye holda.

2. *Zote haziwaki.* Anza na fyuzi, kisha swichi.

3. *Haizimiki.* Swichi hairudi. Pengine kipira cha pedali kimevunjika. Kesho betri itakuwa imekwisha.

4. *Ukikanyaga breki, taa ya usiku inafifia.* Ethi ni mbovu: umeme unakosa njia nzuri ya kurudi.

Kupima swichi kwa testa
Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Bana klipu ya testa kwenye chuma kisicho na rangi. Gusa waya wa kwanza wa swichi: testa iwake. Gusa wa pili: iwake pale tu pedali inapokanyagwa.

Wa kwanza hauna umeme? Rudi kwenye fyuzi. Wa kwanza unao, wa pili hauna hata ukikanyaga? Swichi imekufa. Zote sawa? Fuata waya wa kwenda nyuma, balbu na ethi.

Magari yenye kompyuta, mwachie fundi mwenye mashine yake.

HATARI!
Fyuzi ikiungua, weka yenye ampia zilezile. Usije ukaweka kipande cha waya! Ikiungua tena, kuna waya umechubuka na unagusa bodi. Ukilazimisha, waya utashika moto na gari linaweza kuteketea na watu ndani.

Jipime
Taa ya kulia haiwaki. Balbu yake ukiihamishia kushoto, inawaka. Ugonjwa uko wapi?

*Jibu:* Si balbu, fyuzi wala swichi. Tafuta upande wa kulia: holda, waya au ethi. Umepata? Basi leo jioni kagua gari la nyumbani au la jirani kabla halijatoka.