Vidonge vya chuma vya homeopathia vitamwongezea mama damu?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Magoti yanamuuma na vipimo vimeonyesha ana upungufu wa damu. Jirani amemletea vidonge vya homeopathia, Ferrum metallicum 30C. Je, aache vile vya chuma alivyopewa hospitali?

JIBU: Hapana, asiache.

Soma tena kichupa hicho. Ferrum ni chuma, lakini 30C maana yake sehemu 1 ya chuma imechanganywa na sehemu 99 za sukari ya maziwa au spiriti, kisha sehemu 1 ya mchanganyiko huo na 99 nyingine, hivyo hivyo mara 30. Ukivuka mara ya 12, hutarajii kukuta hata chembe ya chuma. Mwaka 2015, baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti na halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu.

Damu inahitaji chuma halisi. Vidonge vya hospitali avinywe na maji ya chungwa. Chai isubiri saa 2, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Sasa niambie: magoti anayatuliza kwa dawa gani? Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchubua tumbo, damu ikavuja kimyakimya. Baridi yabisi nayo huumiza viungo na kupunguza damu. Mrudishe kwa daktari wiki hii, na dawa zote anazotumia mkononi. Chanzo lazima kijulikane.