SOMO: Simu ya Usiku na Mtoto Anayenyonya

Kwa mama wenye watoto wachanga, baba zao, na wote wanaoishi nao nyumba moja.
Kusoma nyumbani: 1 Samweli 1:21–24, Isaya 49:15, Zaburi 63:6.



Dada zetu wengi wametoka kambini kwenda kutafuta maisha Kampala. Wengi wao wako Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Wengine wanauza mitumba hapo. Wengine wananunua nguo na kutuletea huku. Mchana mtoto yuko mgongoni na nguo ziko mkononi. Usiku mama yuko katika chumba kimoja cha kupanga, mtoto kifuani, simu ya kugusa mkononi. Je, simu hiyo inamsaidia au inamwibia? Tujifunze pamoja, bila kumhukumu mtu.

1. KWA NINI MAMA ANASHIKA SIMU USIKU

Kwetu, mzazi hakuachwa peke yake. Mama yake alikuja, au shangazi, au mama mkwe. Walichemsha maji, walipika uji, walimpokea mtoto akishanyonya ili mzazi alale. Vita vimetutawanya. Bibi amebaki Masisi, shangazi yuko Nakivale, dada amepelekwa Marekani. Kiti cha bibi kimebaki wazi, na simu ndiyo imekikalia. Basi tusianze kwa kumgombeza mama. Tuanze kwa kuuliza ni nani angekuwa amekaa naye.

2. USIKU NI SAA YA MAZIWA

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama huyeyuka upesi. Tena, usiku mwili wa mama hutoa kwa wingi kichocheo kinachotengeneza maziwa, kiitwacho prolaktini. Kwa hiyo mama anayeshinda sokoni asione kunyonyesha usiku kuwa hasara. Kunasaidia maziwa yasipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji.

Mtoto mwenye njaa husema kabla ya kulia: hugeuza kichwa akitafuta titi, hupeleka mkono mdomoni, hulamba midomo. Kilio ni neno lake la mwisho. Mama ambaye macho yake yako kwenye kioo cha simu anaweza kukosa maneno yale ya kwanza. Tena, mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Ndio umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama. Uso huo ndio kitabu chake cha kwanza.

3. SIMU INAIBA NINI

Kwanza, usingizi. Mwanga wa kioo unaambia ubongo kwamba kumekucha, na melatonini, kichocheo cha usingizi, inapungua. Mtoto amemaliza kunyonya kwa nusu saa, mama anabaki macho saa nzima. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke aliyeajiriwa siku 60 za kazi za kupumzika baada ya kuzaa. Lakini mama mwenye meza yake Owino hana mwajiri wa kumlipa siku hizo. Usingizi wake ni mtaji wake.

Pili, saa za mbali. Saa nane ya usiku Kampala ni jioni kule New York. Ndugu zetu wametoka kazini, wanataka kusalimia. Wapeni saa nyingine, kwa upendo. Ujumbe wa sauti unaweza kungoja asubuhi.

Tatu, amani ya moyo. Goma ilipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, wangapi kati yetu walilala? Picha za maiti zilifika kwenye simu zetu, na nyingine zilikuwa picha za zamani zikitumwa kama za leo. Mama aliyeogopa sana, maziwa yake huweza kuchelewa kushuka. Habari ya saa nane ya usiku huwezi kuifanyia lolote mpaka kupambazuke. Chagueni mtu mmoja wa ukoo apokee habari na kuwaambia wengine asubuhi. Likiwa jambo la kufa na kupona, atapiga simu.

4. SIMU INAFAA NINI

Tusiitupe. Ina tochi, na tochi ni salama kuliko mshumaa karibu na chandarua. Ina saa ya kukumbuka mtoto alinyonya lini. Inaweza kumsaidia mama aliyechoka asisinzie akiwa ameketi na mtoto mkononi, maana akisinzia hivyo mtoto anaweza kuanguka au kukosa hewa.

Inaweza pia kuokoa uhai. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa bado 60 au zaidi, mpeleke kituo cha afya. Mpeleke upesi pia akikataa kunyonya, akipata degedege, akilegea, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, mwili ukiwa baridi, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Usingoje jibu la kikundi cha WhatsApp.

5. TUFANYE HIVI

– Punguza mwanga wa kioo, zima milio, acha namba ya dharura tu.
– Usichaji simu kitandani wala chini ya mto. Godoro la sponji hushika moto haraka.
– Usiishike simu juu ya uso wa mtoto. Ikiteleza, inamwangukia.
– Dakika za kwanza za kila nyonyo, simu ikae chini. Mwangalie mtoto, omba, au imba polepole.
– Ukiona huzuni imezidi wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usifiche wala usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, na uende kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Si ukosefu wa imani.

6. KAZI YA BABA NA YA KANISA

Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka alipomwachisha mtoto. Elkana alikubali, akaenda na watu wa nyumba yake. Safari ya Hana ilipangwa kwa kumfuata mtoto anayenyonya. Baba, na wewe panga hivyo. Huwezi kunyonyesha, lakini unaweza kuamka, kumcheulisha mtoto, kumbadilisha nguo, na kumwambia mama alale. Ikiwa uko mbali, piga simu jioni kabla hajalala, wala usimlaumu kwamba hakujibu usiku.

Na sisi kanisa, hasa mama wazee: mzazi mpya akifika, tupange zamu ya siku 40. Mmoja apike, mmoja afue, mmoja aketi naye. Kiti cha bibi kikipata mtu, simu itarudi mahali pake.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI
1. Katika nyumba yetu, nani anaamka pamoja na mama usiku?
2. Ni habari gani tunaweza kuziacha mpaka asubuhi?
3. Ni mzazi gani karibu nasi ambaye hana mtu? Tutamtembelea siku gani?

Mungu awalinde usiku na mchana, ninyi na watoto wenu.