Kivazi cha Mwanamke Aliyekuwa Mtu Mzima

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanaadamu nguo za kuwasitiri na za kuwapamba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, somo hili ni la kivazi cha mwanamke anapokuwa mtu mzima. Tumeliandika kwa ajili ya wanaume, kwani wao ndio wenye kununua nguo, na wao ndio wenye kukemea. Katika miji yetu ya pwani yameenea mambo mawili yenye kupingana. Utamwona mtu akimkataza mkewe au mama yake aliyeingia uzee kuvaa leso ya rangi, akisema hii ni ya wasichana, na maneno yake akayanasibisha na dini. Na mtu huyo huyo utamwona akimwacha mama yake atoke mlangoni kichwa wazi mbele ya wachuuzi, akisema: huyu ni kizee, nani atamtazama? Katika la kwanza ameharimisha kilicho halali, na katika la pili ameruhusu kisichoruhusiwa. Asili ya makosa yote mawili ni kuchanganya dasturi na sheria. Basi tutaeleza, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ni lipi ambalo umri hulibadilisha katika kivazi cha mwanamke, na ni lipi lisilobadilika.

MAS'ALA YA KWANZA: Nguo za mke hazipungui kwa umri wake

Jueni ya kuwa kiswa, yaani nguo za mke, ni haki iliyo juu ya mume kama chakula chake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kuwa mke hupewa kanzu na suruali na mtandio na viatu, na wakati wa baridi huzidishiwa joho. Namna ya nguo hufuata ada ya mji, na uzuri wake hufuata hali ya mume: tajiri hutoa nzuri, fakiri hutoa duni, na wa kati hutoa ya kati. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Kipimo ni mali ya mume. Umri wa mke haukutajwa. Basi aliyemnunulia mke kijana nguo za thamani, na mke wa zamani akamtupia nguo duni kwa kuwa amezeeka, naye ni tajiri, amempunguzia haki yake ya wajibu. Ama yale yanayozidi wajibu, kuwasawazisha wake si lazima, bali ni sunna, na moyo wa mke mkongwe una haki ya kutazamwa.

Na wakati wa kiswa ni kila miezi sita. Ikiwa nguo imechakaa kabla ya muda bila ya uzembe wake, si lazima kubadilishwa. Na ikiwa imedumu kupita muda, mpya inalazimu vile vile, kwani ile ya kwanza imekuwa milki yake. Mume asiyetoa, kiswa huwa deni juu yake, madhali mke hakuwa nashiza. Aliyemwacha mkewe miaka 10 bila ya kumvisha ana deni la kiswa 20. Akifa kabla ya kulipa, na mke hakumsamehe, deni hilo hutolewa katika tarika kabla ya warithi kugawana. Wangapi hufa wakadhani hawana deni la mtu, na mdai wao yumo ndani ya nyumba!

Na atakayesema kuwa mke mzee ameridhika, na amwulize kwanza. Bibi Sauda binti Zam'a, mke wa Mtume, alipokuwa mtu mzima alimpa Bibi Aisha siku yake ya zamu. Lakini aliitoa mwenyewe kwa hiari yake. Haki hutolewa na mwenyewe. Mtu mwengine hana ruhusa ya kumtolea kwa kunyamaza.

MAS'ALA YA PILI: Nguo za mama

Mama fakiri asiye na mume wa kumtazama, nguo zake ziko juu ya watoto wake wenye uwezo, waume na wake. Na hapa pana tofauti na mke. Nguo za mama hazina idadi wala muda. Kipimo chake ni kumtosha. Nguo yake ikichanika leo, hangojei miezi sita wala hangojei Idi. Tena haki hii kwa asili haigeuki kuwa deni kwa kupita siku. Basi asifurahi mtu kwa jambo hilo, akasema mwaka jana umekwenda na haki yake imekwenda nao, kwani deni limeondoka lakini dhambi ya kuzuia haki imebaki. Na katika kumtosha mama ni kumpa nguo ya kumsitiri nyumbani, na ya kusalia, na ya kutokea kwenda kuzuru na kuzika. Anayemwachia mama yake nguo ya viraka, na yeye mwenyewe akaenda msikitini kwa kanzu ya darizi na joho, watu wanamwona, na Mola wake anamwona.

MAS'ALA YA TATU: Mjane baada ya eda

Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, awe kijana awe mkongwe, illa akiwa na mimba, na hapo eda yake ni hata azae. Katika muda huo huwacha mapambo, yaani nguo zilizotiwa rangi kwa ajili ya kupendeza, na dhahabu na fedha, na manukato, na wanja wa pambo. Nguo nyeupe ya pamba ambayo haikutiwa rangi haimdhuru, wala nyeusi isiyokuwa ya pambo.

Lakini eda ikesha, huzuni ya kivazi imekwisha. Iko khabari sahihi ya Bibi Umm Habiba, mke wa Mtume, ya kuwa alipofiwa na baba yake Abu Sufyan alitaka manukato akajipaka. Akaeleza kuwa hana haja nayo, ila amemsikia Mtume akikataza mwanamke kumwombolezea maiti zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, miezi minne na siku kumi. Basi dasturi ya kumlazimisha mjane mtu mzima avae kaniki umri wake wote, na kumsengenya akivaa leso mpya, haina asili katika sheria. Mwenyewe akipenda nguo nyeusi, ni hiari yake. Ama kulazimishwa na watoto au na mashemeji, wamemzidishia lile ambalo Mwenyezi Mungu amelipa mwisho.

MAS'ALA YA NNE: Ruhusa ya Aya ya 60

Katika Suratun Nur, Aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja wanawake waliokaa, ambao hawatarajii kuolewa. Maana ya Aya ni kuwa hawana dhambi wakiweka kando nguo zao pasipo kuonyesha pambo, na wakijizuilia ni bora kwao. Humu mna mambo manne ya kufahamu.

La kwanza, Aya haikutaja miaka, imetaja hali. Hatuwezi kusema mwenye miaka 50 ameingia katika ruhusa. Yuko mwenye umri huo aliyekatika hedhi, na wachumba wapo mlangoni.

La pili, nguo zinazowekwa ni za nje. Ibn Mas'ud amefasiri kuwa ni jilbabu na shuka ya juu. Mfano wake kwetu ni shiraa waliyojifunika wanawake wa Lamu zamani, khalafu buibui, lililoenea pwani katika karne ya 20. Ushungi wa kufunika nywele na kanzu ya kufunika mwili havikuingia. Basi mwenye kumwacha mama yake kichwa wazi mbele ya wachuuzi hana hoja katika Aya hii.

La tatu, pasipo kuonyesha pambo. Aliyeweka buibui ili bangili na mikufu ionekane, ametoka katika ruhusa.

La nne, kujizuilia ni bora. Imepokewa kuwa Hafsa binti Sirin, mwanamke mwanachuoni wa Basra, aliingiliwa na wanafunzi naye amejifunika jilbabu hali ni mkongwe. Wakamkumbusha ruhusa ya Aya. Akawauliza: baada ya hapo pana nini? Wakajibu kwa yale maneno ya mwisho ya Aya. Akasema hayo ndiyo yaliyomfanya ajifunike.

Na wanavyuoni wetu wamehitalifiana katika kumtazama ajuza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amemfananisha na kijana, kwani matamanio hayana mpaka. Imamu Ruyani, aliyekuwa wa zama zake, amejuzisha kutazama uso na vitanga vya mikono vya aliyefikia umri usiokhofiwa fitina. Wala hapana katika hao aliyesema nywele zake ni halali kwa kila mpita njia.

Tena ruhusa hii si ya sala. Katika sala mwanamke muungwana husitiri mwili wote ila uso na vitanga, hata akiwa na miaka 90. Vizee wengi husali kwa leso nyepesi, nywele za mvi zikaonekana usoni, na mkono ukatoka mpaka kiwiko. Mnunulieni mama nguo nzito ya kusalia, na mfahamisheni kwa upole, kwani sala yake ndiyo akiba yake.

MAS'ALA YA TANO: Rangi na hina

Suali: Mama yangu ana miaka 70. Apenda leso nyekundu, na hutia hina mkononi. Wajukuu wamcheka. Je, nimkataze?

Jawabu: Usimkataze, wakataze wanaomcheka. Sheria haikuweka rangi za vijana na rangi za wazee. Likatazwalo ni kuonyesha pambo kwa wasio maharimu, na hilo ni katazo kwa msichana na kwa kizee. Ndani ya nyumba yake, mbele ya watoto wake na wanawake wenziwe, na avae akipendacho. Akitoka, na ajifunike.

Suali: Na kutia rangi mvi?

Jawabu: Kwa hina, au kwa rangi ya manjano au nyekundu, ni sunna kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ama kwa rangi nyeusi, Imamu Nawawi ameitakidi kuwa ni haramu. Dalili ni khabari ya Abu Kuhafa, baba yake Abubakar Siddiki, aliyeletwa siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, na kichwa chake ni cheupe kabisa. Mtume akaamrisha mvi zigeuzwe, na nyeusi iepukwe.

MUKHTASARI

Basi yaliyobadilika kwa uzee ni jambo moja tu: ruhusa ya kuweka kando nguo ya nje, kwa asiyetaraji ndoa, bila ya kuonyesha pambo, na kuiacha ruhusa hiyo ni bora. Yaliyobaki yote yako pale pale: haki ya kuvishwa na mume kwa kadiri ya mali yake, haki ya mama kutoshelezwa na watoto wake, mwisho wa eda, sitara ya sala, na uhalali wa rangi.

Kila mmoja wetu atakaposoma karatasi hii na afungue sanduku la mkewe na la mama yake, kwa idhini yao, atazame mna nini ndani. Kisha ahesabu miezi. Akiona anadaiwa, na alipe angali hai, au aombe msamaha kwa mwenye haki.

Ewe Mola wetu, wasitiri mama zetu na wake zetu duniani na akhera, utupe uwezo wa kutimiza haki zao, uturehemu sisi na wao. Amin. Wallahu a'lam.